Siku Tuliyongoja Mvua Ipite

Mume wangu alirudi kutoka Uarabuni mwezi wa nane kwa likizo ya wiki tatu. Alipoondoka, kitinda mimba wetu alikuwa na miezi minne. Aliporudi, mtoto alikuwa ameshapita miaka miwili, anakimbia, anakataa uji, na ana maneno yake machache anayoyatumia kutwa nzima. Mojawapo ni "baba". Taabu ni kwamba baba, kwake yeye, alikuwa ni simu.

Simu yenyewe ni yangu, ile iliyopasuka kioo pembeni. Ikilia baada ya Magharibi, ndugu zake wawili wakubwa husema, "Baba huyo," naye huja mbio, hukibusu kioo, huonyesha viatu vyake, huulizwa amekula nini, hujibu. Basi yule mtu mrefu alipoingia sebuleni na masanduku yake, akapiga magoti mbele yake na kusema, "Mimi ndiye baba," mtoto alimtazama, akanitazama mimi, kisha akanyoosha kidole mezani ilipokuwa simu. Baada ya hapo akaangua kilio.

Alilia siku nyingi. Baba yake akimkaribia, analia. Akimpa biskuti, anaipokea kwanza, halafu analia. Siku moja mume wangu akatoka nje, akasimama nyuma ya jiko na kunipigia kwa video. Mtoto akacheka naye vizuri, akambusu. Mume wangu akaja polepole huku anaongea, akaingia mlangoni na simu mkononi, ili mtoto aone kuwa ni yule yule. Mtoto akamtazama yeye, akaitazama simu, akajificha ndani ya dera langu. Mume wangu alikata simu akaenda kukaa barazani peke yake. Sikumfuata. Mimi ni fundi cherehani, shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na nilikuwa na sare za watoto wa watu zimerundikana hadi dirishani.

Usiku mmoja wa wiki ya mwisho akaniambia, "Mama watoto, nataka mtoto huyu anijue kabla sijaondoka. Sitaki kingine."

Nikamjibu, "Inshallah."

Moyoni nilikuwa na jingine, na nitalisema hapa kwa kuwa nyumbani sikulisema. Alipoondoka mara ya kwanza, mtoto wetu wa kati alikuwa hajatimiza miaka minne, na alikuwa akimjua baba yake barabara. Alikaa mlangoni kila jioni mwezi mzima. Akaanza tena kukojoa kitandani. Aliyembembeleza ni nani? Aliyefua mashuka ni nani? Huyu mdogo hakuwahi kumlilia baba yake hata siku moja, kwa sababu baba yake alikuwa mezani, anachajiwa. Nilimhurumia mume wangu, wallahi nilimhurumia. Lakini nilijua akishajulikana ataondoka, na nitakayebaki na mtoto ni mimi. Nilikuwa nimechoka hata kabla ya hilo kutokea.

Wazo la kwenda Milima ya Shimba lilikuwa lake. Alipokuwa shule ya msingi walipelekwa kuona maporomoko ya maji kule msituni, na kwenye joto la Uarabuni alikuwa akiyaota. Tena alikuwa na hesabu yake. Huko hakuna televisheni, mtandao ni wa kubahatisha, hakuna bibi wala jirani wa kumkimbilia. "Mtoto hatakuwa na mwingine ila mimi," alisema.

"Na mimi nitakuwa wapi?" nikamuuliza. Akacheka.

Tulikwenda siku ya Jumamosi, naye safari yake ilikuwa Jumatatu. Tuliazima gari la kaka yangu. Nilikuwa nimeamka kabla ya alfajiri kukaanga mahamri na kuweka chai ya tangawizi kwenye chupa. Nikachukua mwavuli, mume wangu akautoa garini. Alikuwa amekwisha kwenda ufuoni kuitazama bahari, akaiona safi hadi kule miamba inakovunja mawimbi, akatangaza kwamba leo hakuna mvua, na ikija ni ya kupita.

Hapa sina budi kumtetea, kwani Msambweni sote ndivyo tulivyo. Mvua tunaisoma baharini. Wakati wa upepo wa kusi utaiona inakuja kwa mbali kama shuka jeupe, inapiga dakika kumi, inapita zake, na nguo unazirudisha kambani. Kwa hiyo mtu wa kwetu hakimbii mvua. Husimama chini ya paa la yeyote aliye karibu, akasalimiana na wenyeji, akaulizia wagonjwa, na mvua ikikatika huendelea na safari. Anayekimbia mvuani tunamcheka. Na mimi nimelelewa hivyo hivyo, kwa hiyo mwavuli ulipotolewa garini sikubisha sana. Nilibaki na leso moja tu, ile kuukuu niliyowabebea watoto wote watatu, ambayo maandishi yake yamefutika hata sikumbuki yalikuwa yakisemaje.

Langoni tulipewa askari wa kutusindikiza, kwa sababu ya ndovu. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mduruma, mwenye bunduki begani na buti za mpira. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, wanangu," huku macho yake yako miguuni mwetu. Sote watano tulikuwa na champali, ndara za mpira.

"Kwenda ni kuteremka," alisema. "Kurudi ni kupanda. Nawaambia mapema, maana watu huteremka wakicheka."

Tuliteremka tukicheka. Binti yetu wa miaka tisa alitangulia na askari, akimuuliza kama ndovu hulala amesimama. Mwanangu wa kati alipanda mabegani kwa baba yake. Mdogo nilikuwa naye mimi, kiunoni, kwa kuwa mume wangu alijaribu kumchukua mara mbili na mara zote mbili nyani walitoroka kwa mayowe yake. Njia ilikuwa nyembamba, majani yamefika kifuani, na juani mtu alitokwa jasho kama yuko jikoni. Mgongo wangu, ambao mwaka mzima huinamia cherehani, ulianza kulalamika hata hatujafika nusu ya njia. Nilinyamaza. Kulalamika nako kunataka nguvu.

Maporomoko ni mazuri, siwezi kuyanyima haki yake. Maji yanaanguka toka juu ya mwamba kwenye dimbwi, na baridi yake inakufikia usoni kabla hujayagusa. Watoto wakubwa walivua mashati wakaingia. Mume wangu akakaa juu ya jiwe karibu na mdogo, si karibu sana, akamnyooshea hamri. Mtoto akalichukua kwa ncha za vidole, kama mtu anayepokea chenji kwa konda asiyemwamini, kisha akarudi kwangu kulila. Mume wangu akanitazama. Nikajifanya ninafunga chupa ya chai.

Matone ya kwanza yalianguka tukiwa bado tunakula. Jua lilikuwepo bado. Askari akainuka, akaufunga vizuri mfuko wa koti lake.

"Twendeni," akasema.

Mume wangu akatazama juu. Hakukuwa na bahari ya kuisoma, ila kipande cha mbingu katikati ya miti. "Hii ni ya kupita, mama. Tungoje kidogo tu."

"Huku haipiti, baba. Kwenu mvua ni mgeni wa mlangoni. Hapa ndipo nyumbani kwake."

"Dakika kumi," mume wangu akasema.

Askari akanigeukia mimi, akidhani mwanamke mwenzake atakuwa na akili. Nami nikasema, "Tungoje kidogo." Nilisema hivyo kwa mazoea ya kwetu, na pia kwa sababu nilikuwa nimekaa chini, na kukaa chini kulikuwa kutamu.

Tukasogea chini ya mwamba uliochomoza. Dakika kumi zikapita, mvua ikazidi. Mume wangu akasema inajimaliza. Tukaimba na watoto, tukahesabu vidole, tukagawana hamri la mwisho. Jua likaondoka. Ukaanza kushuka ukungu, mweupe, polepole, hata maporomoko yenyewe tukawa tunayasikia tu. Kila mvua ilipopungua mume wangu alisema, "Hiyo, mnaona," na kila mara ikarudi. Nadhani tulikaa pale karibu saa nzima, watu wazima wawili wenye akili timamu, tukiingoja mvua ya mlimani kama tuliokaa barazani kwa jirani. Mwanangu wa kati akaanza kutetemeka meno. Nilimvua mdogo nguo zilizolowa, nikamzungushia leso, nikamkumbatia kifuani, na bado miguu yake ilikuwa ya baridi kama samaki.

Askari alikuwa amesimama wakati wote huo. Mwishowe akasema, "Sasa si la kushauriana tena. Ukungu huu ukikaa, ndovu hawatuoni na sisi hatuwaoni. Inukeni."

Tukainuka. Ile njia tuliyoteremkia tukicheka ilikuwa imegeuka udongo wa mfinyanzi na maji yanatiririka katikati. Champali yangu ilichomoka gidamu hatua ya kumi hivi. Nikaiacha. Ya pili nikaivua mwenyewe nikaitupa kwa hasira. Binti yetu alipanda kwa mikono na magoti bila kusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kama angelilia. Mimi nilikuwa na mtoto mkono mmoja, na mkono mwingine nikishika majani. Nikaanguka. Nikainuka. Nikaanguka tena, safari hii kwa goti juu ya jiwe, mtoto akapiga kelele. Nikakaa palepale topeni.

"Siwezi," nikasema.

Mume wangu akarudi chini haraka, akanyoosha mikono. "Nipe." Mtoto alipouona ule uso unamjia ndani ya ukungu, wenye ndevu zinazochuruzika maji, alijikaza mwili mzima, akanishika shingo hata nikakosa pumzi. Mume wangu akashusha mikono. Alisimama hapo mvuani, na usoni mwake niliona aibu ya mtu anayekataliwa mbele ya watu na damu yake mwenyewe. Jumamosi ilikuwa inakwisha. Baada yake ilibaki Jumapili tu.

Ni askari aliyetuamua. "Mkono mmoja nina bunduki, mwingine nitamshika huyu mvulana wenu wa kati. Mama hawezi. Baba, geuka uiname."

"Nini?"

"Inama. Leso si ipo? Funga mtoto mgongoni."

Mwanamume wa pwani na mbeleko! Mume wangu alitazama kulia na kushoto, kama kwamba Msambweni nzima imejificha nyuma ya miti. Nilijua anachokiona: wazee wa barazani, marafiki zake wa mpira, mzaha utakaodumu hadi Idi. Kisha akageuka akainama. Nikamweka mtoto mgongoni kwake kwa nyuma, asimwone uso, nikaikaza leso kifuani kwa mafundo mawili, na upande uliobaki nikamfunika mtoto kichwa kizima. Leso ilikuwa na harufu yangu, ya jasho na moshi na mafuta ya nazi. Nilitumaini itamhadaa.

Haikumhadaa kwa muda mrefu. Tulipoanza tu kupanda alianza kujinyonganyonga na kulia ndani ya ile leso. Nami niko nyuma, kiganja changu kimemshika matakoni asiteleze, sina cha kumfanyia. Ndipo mume wangu, akihema, akasema kwa ile sauti yake ya kwenye simu, ya kubembeleza, ambayo mimi husikia haya kuisikia:

"Kipenzi cha baba, umekula nini leo?"

Kilio kikakatika. Nadhani alikuwa anatafuta kioo. Humo alimokuwa kulikuwa giza, hakuna uso, hakuna ndevu, ni sauti tu, na sauti hiyo alikuwa akiijua tangu hajaota jino.

Swali likarudiwa. "Umekula nini?"

"Hamri," akasema ndani ya leso.

"Ukalimaliza?"

"A-a."

"Nani kakununulia viatu?"

"Baba."

Walizungumza hivyo njia nzima. Mume wangu hakuwa na pumzi, alikuwa akiteleza, akishika mizizi, akisema neno moja akahema, akasema lingine. Alimuuliza yale yale aliyokuwa akimuuliza kila jioni kwa miaka miwili, na alipoyamaliza alianza upya, naye mtoto akajibu upya, hajali. Hakuna mahali tulipopumzika. Kuna wakati askari alitusimamisha kwa kunyoosha mkono, akasikiliza ukungu kwa muda, kisha akatuashiria tuendelee. Mimi nilikuwa nyuma yao miguu mitupu, goti linavuja damu, nikiutazama ule mgongo. Nitakuwa mwongo nikisema nilifurahi. Nilifurahi, na hapo hapo nikawa nasema ndani kwa ndani, imeshakuwa.

Langoni tulifungua leso chini ya paa la askari. Mtoto akateremshwa, akageuzwa. Alimtazama mume wangu usoni kwa karibu sana. Mume wangu akasema, "Umekula nini leo?" Mtoto akaweka kiganja juu ya midomo yake wakati inaposema, akakiondoa, akakiweka tena, kama mtu anayetafuta panapotoka maji.

"Baba," akasema. Hakuonyesha mfuko wangu wenye simu.

Mume wangu hakutaka kumweka chini tena. Ilibidi gari niliendeshe mimi, bila viatu, hadi nyumbani, naye akakaa nyuma amewakumbatia wote watatu. Tulipofika Ukunda barabara ilikuwa kavu na watu wanauza viazi vya karai juani. Hakuna tone lililokuwa limeanguka. Mwanangu wa kati akauliza, "Kwani mvua ilikwenda wapi?"

Jumapili mtoto hakubandukana naye. Alikuwa akiburuta leso kutoka chumbani, anamgusa nayo goti, na mume wangu anainama. Alimbeba hivyo mgongoni hadi dukani na kurudi, mchana kweupe. Barazani walimcheka kama tulivyojua, mmoja akamwuliza atanyonyesha lini. Akawaambia, "Bado kidogo," akaendelea na njia yake. Sijapata kumwona ametulia vile. Mimi nilikuwa nimelala mkekani na goti limefungwa kitambaa, nikijiambia kwamba hiki ndicho alichokitaka na amekipata, kwa hiyo nisiwe na roho mbaya.

Jumatatu aliondoka baada ya kusali alfajiri, mtoto bado amelala. Alimsimamia kitandani kwa muda, hakumgusa asije akamwamsha. Mlangoni akaniambia, "Alhamdulillahi, nimejulikana." Nikamwambia, "Safari njema, Mungu akufikishe salama."

Jumanne baada ya Magharibi simu ikalia. Binti yetu akasema, "Baba huyo." Mdogo akaja mbio kama kawaida yake. Baba yake alikuwa kwenye kioo, nyuma yake vitanda vya chuma vya wafanyakazi, anatabasamu. "Kipenzi cha baba, umekula nini leo?"

Mtoto hakubusu. Alikitazama kioo, akaipindua simu akatazama nyuma yake, akaipindua tena. Kisha akanirudishia mkononi. Akaenda chumbani, akarudi anaiburuta leso, akaipitisha mbele yangu hadi kizingitini, akaketi nayo pale, ameupa mgongo ukumbi, anatazama njia.

"Mbona haongei?" mume wangu akauliza. "Amenikasirikia?"

"La," nikasema. "Anakungoja." Nikaigeuza simu ili amwone mwenyewe, kile kichwa kidogo na leso mapajani.

Mume wangu akasogeza uso hadi ukajaza kioo. Mkataba wake ni wa miaka miwili mingine, anaujua yeye na ninaujua mimi.

"Mwambie kidogo tu," akasema.

Sikumwambia. Nilimuaga baba yake, nikaiweka simu mezani, nikaenda kuketi na mtoto kizingitini. Nilipojaribu kumfunga mgongoni mwangu, alikaza miguu akakataa.